Majani Niliyotupa Nyuma ya Ua

Bustani yangu ya Nyalenda ni ndogo, mtu huivuka kwa hatua kumi. Naotesha nyanya, dania, minti kidogo na mchaichai kando ya ukuta. Mbegu za dania nilipewa na jirani yangu, mama mjane anayeuza samaki sokoni. Hata samadi ilitoka kwake, chini ya kibanda cha kuku wake. Kila mwezi aliniletea gunia, akakataa hata asante. "Mwalimu, wewe panda tu," alikuwa akisema.

Upande wa pili aliishi fundi wa cherehani, mzee aliyehamia huku kutoka Murang'a miaka mingi iliyopita. Yeye na yule mama walikuwa na ugomvi wa siku zote, kwa sababu kuku walichafua mlango wake. Siku moja, mbele ya watu, mzee alisema, "Mama, hawa kuku wako nitawamaliza." Alisema kama mtu yeyote anavyosema akiwa amekasirika.

Msimu huo nyanya zangu ziliingiliwa na funza. Nilinunua dawa, nikapulizia jioni. Aliyeniuzia alinionya nisiache kuku wala mbuzi karibu. Kesho yake asubuhi nilikata matawi yote yaliyoharibika, na kwa sababu nilikuwa nimechelewa shule, nikayarusha nyuma ya ua badala ya kuyachimbia shimo. Nilijua kuku hupekua pale. Nilijiambia nitayaondoa nikirudi.

Niliporudi, kuku saba walikuwa wamelala wamekufa, na mama alikuwa ameketi chini kando yao.

"Amefanya alivyosema," aliniambia.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nilichukua jembe nikamsaidia kuwazika. Giza lilipoingia nikakusanya yale matawi, nikayachoma.

Majirani walimsema yule mzee. Wengine waliacha kumpelekea nguo za kushona. Baadaye yakaanza maneno mengine, ya kabila lake na mahali alikotoka, na hayo hayakuwa tena na uhusiano wowote na kuku. Mimi nilikuwa naitikia salamu zake nikitazama chini. Baada ya wiki chache alisema anahamia Muhoroni kwa binti yake. Nilimsaidia kubeba kitanda hadi kwenye gari. Alinishukuru.

Nilikaa na jambo hilo miezi mitatu. Mama aliendelea kuniletea dania zake zikizidi, nami niliendelea kuzipokea. Nilishindwa kuvumilia siku aliponiambia amepata vifaranga wapya, na kwamba sasa hana wasiwasi kwa sababu adui ameondoka. Nikamwambia yote, tukiwa tumesimama mlangoni kwake.

"Ulinisaidia kuwazika kuku wangu."

"Ndiyo, Mama."

"Na kitanda cha yule mzee ulikibeba."

"Nilikibeba."

"Kuku si kitu," alisema. "Nimemharibia mtu jina, na wewe ulikuwa unanisikia."

Aliniamuru nimpigie simu mzee pale pale. Nilieleza nikigugumia. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, mimi nilikuona ukipulizia, na asubuhi nikakuona ukirusha. Dirisha langu liliangalia huko."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mimi, nani angeniamini? Nilingoja useme wewe."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Muhoroni, mimi na mama. Garini alikaa kiti cha mbele, akaniacha nyuma. Alimwomba mzee msamaha akiwa amesimama, akakataa kiti mpaka ajibiwe. Mzee alimpa mkono. Mimi pia alinipa, ila aliuachia haraka. Binti yake alituletea chai. Tulizungumza habari za mvua na za malori ya miwa yanayoharibu barabara, kama wageni wanaofahamiana kidogo. Mzee hakurudi Nyalenda. Alisema ameshapata wateja huko, na amechoka kuhama.

Tulipokuwa tukiaga aliniuliza kama zile nyanya zilizaa.

"Zilizaa," nilijibu.

Sikumwambia kwamba zilizaa kuliko msimu wowote, wala kwamba nilizila zote.