Siku Tisini za Kapteni Pruitt

Dereva wa teksi, Mnepali aliyekuwa amepotea mara mbili tangu tutoke uwanja wa ndege, alisimama mbele ya geti la nne lililofanana na matatu yaliyotangulia. Al Wukair yote, pembezoni mwa Doha, ilionekana kama imetolewa kwenye kalibu moja: kuta za rangi ya mchanga, nyumba za rangi ya mchanga, na mchanga wenyewe. Mlinzi akatoka kibandani. Nilimjaribu kwa Kiarabu nilichookota Muscat. Alinisikiliza hadi mwisho, akalitazama jina kwenye pasipoti yangu, akasema:

"Mzee, umejichosha bure. Nyumba namba tisa ni hiyo nyuma yangu. Karibu."

"Umejuaje kwamba nazungumza Kiswahili?"

"Hilo jina lako. Halafu Kiarabu cha kuomba radhi hivyo si cha watu wa hapa."

Nilikuwa nimekuja kukaa mwezi mmoja katika nyumba ya rafiki aliyekwenda likizo, nimwagilie mimea yake na kumaliza maandishi yaliyochelewa. Mimea ilikauka wiki ya kwanza. Maandishi sikuyagusa. Nilizoea badala yake kwenda kibandani saa kumi alasiri, kiyoyozi kikikohoa juu yetu, kunywa karak, chai nzito ya maziwa na iliki, na yule mlinzi: Velma Nafula, mwenyeji wa Webuye, umri miaka arobaini na mmoja, kaimu kiongozi wa zamu ya mchana.

"Kaimu tangu lini?"

"Miaka minne. Hata mimba huwa inaisha."

Alitaka kuwa mwanajeshi. Siku ya kuandikishwa, uwanjani, alimaliza mbio mbele ya wasichana wote. Afisa akamfungua mdomo, akaona pengo la jino la mbele, akamwambia arudi nyumbani. Miaka kadhaa baadaye wakala mmoja, ambaye hakumkagua meno, akamleta Doha. Alilinda maduka Najma, akalinda kambi ya wafanyakazi Industrial Area, akalinda shule, na kila uhamisho aliambiwa jioni kwamba kesho asubuhi apande basi lingine. Mwaka huu ulikuwa wa kumi na moja.

Siku yangu ya pili nilimkuta anasoma karatasi kuukuu kutoka ndani ya boksi la bluu. Mpangaji wa namba kumi na nne, mwalimu Mmarekani, alimaliza mkataba wake akaondoka na kulisahau juu ya kabati. Kanuni ya kampuni ni kwamba kitu kilichosahaulika kinaandikwa kwenye daftari, mwenyewe anapelekewa barua pepe, na siku tisini zikipita bila kudaiwa kinatupwa. Kanuni hiyohiyo inamtaka mlinzi aeleze kilichomo. Velma alikuwa ameeleza kurasa sita.

Omari, msimamizi wao, mtu wa Tanga, alipita kukagua, akalifungua daftari, akashika kiuno.

"Dada Velma, unaandika 'boksi moja, karatasi', basi. Wewe umeniandikia hadithi."

"Bosi, si nieleze kilichomo? Humo ndani kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mwanajeshi."

"Muulize kama ana kibali cha kukaa."

Ndani kulikuwa na utumishi mzima wa Kapteni Warren Pruitt wa jeshi la Marekani. Alitoka chuo cha kijeshi mwaka 1854, akapelekwa ngome moja ya Texas ambako, kwa mwandiko wake mwenyewe, adui mkubwa alikuwa maji. Vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alipigwa risasi ya paja na kupewa cheo cha heshima cha kanali, yaani watu walimwita kanali lakini orodhani alibaki kapteni na kazi ikabaki ya kapteni. Amani iliporudi, hata waliomwita hivyo wakapungua. Kisha ngome baada ya ngome, kumi na tisa kwa miaka thelathini na mitano, Dakota, Arizona, tena Dakota, akilinda wajenzi wa reli na kuwaondoa wenyeji katika ardhi yao. Alistaafu na ukapteni wake na goti bovu.

"Alikuwa anafukuza watu kwao," nilimwambia Velma. Nilikuwa nimeona makaburi ya watu wa namna yake katika nchi nyingi, na sikuwa na huruma ya kumgawia.

"Nimesoma. Sijasema alikuwa mzuri." Akanywa karak. "Pale kambini mimi niliambiwa nani asitoke. Sikuambiwa kwa nini, na sikuuliza."

Barua za kuomba likizo Velma alikuwa amezitenga. Ombi la kwanza la kapteni lilikataliwa kwa kuwa afisa mwenzake anaumwa. La pili lilijibiwa baada ya miezi minane, theluji ikiwa imeshafunga njia. La tatu likakubaliwa, na kabla hajaondoka ikamfikia barua ya binti yake wa miaka kumi na mitano. Ilianza: Mpendwa Kapteni.

"Hakumwita baba," alisema Velma. "Na hana hasira, angalia mwandiko ulivyotulia. Ndilo jina alilolijua."

Katikati ya daftari lilelile la kibandani Velma alikuwa amebana karatasi nyingine: mkataba mpya wa miaka miwili, na neno kaimu limeondolewa. Wa sasa ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Jibu lilitakiwa kabla ya Alhamisi. Upande wa pili wa jibu hilo, kule nyumbani, alikuwepo Chelsea, bintiye, ambaye alimwacha na miaka minne kwa dada yake Edith na sasa ana kumi na mitano. Katika miaka yote hiyo Velma amemwona mara nne. Chelsea humwita Edith mama. Velma huitwa Mama Doha.

Jumatano Omari alikuja na simu mkononi.

"Yule mwalimu amejibu. Anasema halitaki tena, tulitupe."

"Amesema kapteni ni nani wake?"

"Babu wa babu yake."

"Na anasema tumtupe."

"Anasema tutupe boksi, dada. Mimi babu wa babu yangu hata jina silijui." Akausogeza ule mkataba mbele yake. "Tia saini leo, nikuondolee huo ukaimu."

"Alitumikia miaka thelathini na mitano, Omari."

"Mambo ya Wazungu hayo."

"Chelsea akihama nyumba atakuta nini changu? Blanketi nililomtumia."

Ilikuwa saa yake ya mapumziko. Akapiga simu, akaiweka mezani, na sauti ya msichana ikatoka, ya adabu, kama ya mtu wa mapokezi.

"Hello, Mama Doha. Unataka kuongea na mama?"

Velma akainamia simu. "Hapana, mwanangu. Soma tu." Akaikata, akamrudishia Omari karatasi bila saini. Omari akaikunja polepole na hakufanya mzaha.

"Na ukifika akaendelea kukuita Mama Doha?" nilimuuliza baadaye. Lilikuwa swali baya.

"Ataniita nikiwa jikoni. Si kwenye simu."

Siku yake ya mwisho ilikuwa ya themanini na tisa kwa boksi. Gari la kwenda uwanja wa ndege lilitarajiwa saa nane mchana. Nick, kijana wa Nakuru aliyepokea zamu, alifika jasho likimchuruzika.

"Madam, unaniacha na hii jua?"

"Utaizoea. Hesabu hapa: funguo kumi na nane, redio mbili, boksi moja."

"Boksi ya nini?"

Velma akachukua kalamu. Aliandika mstari daftarini, akanigeuzia nisome: limekabidhiwa mgeni wa namba tisa, kwa kutupwa.

"Wewe ni mtu wa karatasi," alisema. "Mtupe wewe. Mimi mkono hauendi."

"Chelsea atakuja kukupokea?"

"Edith anasema ameuliza ndege inatua saa ngapi. Ameuliza saa tu."

Sanduku lake lilikuwa dogo kwa miaka kumi na moja. Dereva alilinyanyua kwa mkono mmoja, akatushangaa. Nick akainua kizuizi, Velma akamwonyesha kwa kidole kwamba hakukifikisha juu, Nick akakifikisha, gari likapita.

Nilibaki getini, boksi kifuani, jua likichoma.

"Mzee," Nick aliita kutoka kibandani, "unaingia ama unatoka?"