Jina Lisilotamkika la Baba Mkwe

Hellen wa Sigino alikuwa na kila kitu isipokuwa ushahidi kwamba alizaliwa. Alikuwa na matokeo mazuri ya kidato cha sita, alikuwa na barua ya kuchaguliwa kusomea uuguzi, tena alikuwa na nguvu za kubeba gunia la mahindi bila kusaidiwa. Ila cheti cha kuzaliwa, hakuna. Mama yake alimzaa nyumbani, mvua ikinyesha, na aliyemkata kitovu alikuwa jirani ambaye hajawahi kushika kalamu. Sasa chuo kilitaka cheti kabla Ijumaa haijaisha, na siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Asipokipeleka, nafasi anapewa mwingine.

Akaenda ofisi ya vyeti mjini Babati. Karani pale alikuwa Bwana Alawi, mtu mzima mpole kutoka ukoo wa wenye maduka. Akaitikia shikamoo yake vizuri tu, kisha akamuuliza, "Ushahidi kwamba ulizaliwa uko wapi?"

"Si mimi hapa, nimesimama?"

"Kusimama si kielelezo, binti. Mlete mzazi, ayataje majina yako yote matatu kwa kinywa chake mwenyewe, herufi kwa herufi. Ninyi wenye majina marefu mmetutesa sana hapa." Akamwonyesha tangazo lililobandikwa mlangoni, lenye maneno hayo hayo.

Vitus, baba yake Hellen, alishafariki. Akabaki mama, na hapo ndipo shughuli ilipoanza. Mama Hellen ni Mbarbaig aliyeolewa kwa heshima zote, na mwanamke wa kwao akishaolewa hatamki jina la baba mkwe. Hatamki mzee akiwa hai, hatamki akiwa kaburini, wala hagusi neno linalofanana na jina hilo. Sasa baba mkwe huyo aliitwa Gidamanyega. Hebu fikiria! Miaka ishirini na miwili mama wa watu hajataja hata Manyara. Mkoa mzima yeye anauita "huku kwetu".

Jumanne wakafika wote wawili.

"Mtoto anaitwa nani, mama?" Alawi akauliza.

"Hellen."

"Hellen nani?"

"Wa Vitus."

"Vitus nani?"

Mama akatazama dari. "Wa yule mzee."

"Mzee gani?"

"Yule aliyekuwa na dume jeusi la pembe moja."

Alawi akaandika, akafuta. "Haya, mtoto alizaliwa mkoa gani?"

"Huku kwetu."

"Kwenu wapi, mama? Mkoa!"

"Si huu tuliokaa?"

Alawi akavua miwani. Miaka yote ya kazi hajakutana na mtu asiyeujua mkoa anaoishi. Akauliza kwa upole, "Mama, wewe ni raia kweli?"

Foleni nzima ikageuka. Hellen akaieleza mila ile kutoka mwanzo hadi mwisho, jasho likimtoka. Alawi akasikiliza, akasikitika kabisa. "Mila naiheshimu," akasema, "lakini fomu haina kisanduku cha mila."

Njiani kurudi Sigino Hellen hakuweza kujizuia. "Mama, ni neno moja tu!"

"Mzee yule alinipokea kama binti aliyemzaa," mama akajibu. "Nikimtamka mbele za watu nimemvua nguo."

"Na mimi je? Wenzangu wanaondoka na mabegi, mimi nibaki naokota kuni? Kosa langu nini, kuzaliwa?"

Alilia waziwazi barabarani, akamchukia mama yake kwa moyo wote, na papo hapo akajichukia mwenyewe. Mama akaendelea kutembea. Walipofika, ugali wa mama ulipoa bila kuguswa.

Jumatano asubuhi Hellen akiwa anafagia uwanja, lile neno la Alawi likamrudia: herufi kwa herufi. Akautupa ufagio. Herufi si jina, jamani! Nani amewahi kukosewa adabu na herufi?

"Mama, sema ge."

"Ge."

"Sema i."

"I."

"Kuna mtu umemvunjia heshima?"

Mama akafikiri sana. "Bado. Lakini nikiziweka pamoja?"

"Usiziweke pamoja. Hiyo ni kazi ya Alawi."

Basi ikawa kukamua ng'ombe na ge, kuteka maji na i. Ge, i, de, a, me, a, ne, ye, e, ge, a. Mama hajawahi kukaa darasani hata siku moja, lakini kichwa anacho; herufi za Hellen na za Vitus alizishika jioni ile ile. Jirani yao Scholastica alimsikia zizini, akadhani ameokoka na ananena kwa lugha, akaja mbio na Biblia.

Ijumaa, ofisi ikikaribia kufungwa, mama akasimama mbele ya meza, akamaliza herufi za Hellen na za Vitus.

"Vitus nani?"

Akazimwaga herufi zote kumi na moja bila kupumua. Alawi akaandika moja moja, akafungua kinywa alisome jina lenyewe, akajikuta naye anaogopa. Akaitikia kwa kichwa tu.

"Mkoa?"

"Me, a, ne, ye, a, re, a."

Foleni ikapiga makofi.

"Kimebaki kisanduku kimoja," Alawi akasema. "Jina la mama."

"Bernadeta!" Mama alilitamka kwa raha, jina lisilo na mwiko wowote.

"Herufi kwa herufi, mama. Ndiyo utaratibu."

Mama akageuka, akamtazama binti yake.

"Hilo hujanifundisha, mwanangu."

Hellen alisikia aibu ikimpanda hadi masikioni. Siku tatu alikuwa akimkaririsha mama yake majina ya wengine, na la mama mwenyewe hata halikumpitia akilini. Alawi akaangalia saa ya ukutani, kisha akausogeza muhuri karibu na kusema mlango haufungwi bado.

Hellen akamshika mama mkono.

"Be," akasema.

"Be," mama akarudia. Akasita kidogo. "Hii ni yangu?"

"Ni yako, mama."

"Basi nipe inayofuata."