Anakata Mizabibu Inayomhama

Saa kumi na mbili asubuhi, jua halijachomoza vizuri, na Mama Mkasi ameshaloa jasho. Anainama kwenye mzabibu, anachagua tawi, anakata, anatia kwenye ndoo. Mwisho wa mstari ananyoosha mgongo.

"Hii ni kazi ya kumfungia mizigo mtu anayekuacha," anasema, kisha anacheka peke yake.

Shamba hili limelisha kiwanda cha mvinyo cha ng'ambo ya barabara tangu yeye hajazaliwa. Sasa linang'olewa. Bonde limekuwa la moto kupita kiasi. Zabibu zinaiva kwa pupa, sukari inapanda kabla ladha haijafika, na mvinyo unatoka mkali usionyweka. Kiwanda kimenunua ardhi milimani, kwenye baridi, ambako zamani zabibu zilikuwa haziivi kabisa. Pingili anazokata ndizo zitakazopandwa huko. Wapogoaji wataajiriwa huko huko; wa hapa hawahamishwi.

Ana umri wa miaka hamsini na sita, na kazi anayoijua ni hii tu. Mama mkwe wake ndiye aliyemkabidhi mkasi alipoolewa, pamoja na sheria moja: mvue mzabibu, jua limwone. Yaani kabla ya mavuno, majani yanayofunika vichala huondolewa ili zabibu zipate rangi.

"Miaka yote nimevua, na wenzangu nikawafundisha kuvua. Mwaka juzi nikavua kama kawaida. Wiki ile ile likaja joto, jamani, joto gani lile! Mbwa walilala mitaroni."

Upande uliovuliwa ulibabuka wote.

"Zilipikwa zikiwa mtini. Ukizishika, za moto kama zimeepuliwa jikoni. Na aliyezivua nguo ni mimi." Inamuuma mpaka leo, na hafichi.

Msimamizi wa shamba anasema hakuna aliyemlaumu. "Sote tungevua. Ndivyo tulivyolelewa." Msimu uliofuata waliyaacha majani, yakaungua pamoja na zabibu zake. Hapo wakubwa wakakata shauri.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili nyuma ya kiwanda. Mumewe, aliyekuwa mkamuaji mpaka miguu ilipovimba, ameketi mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji. Nyumba hii nayo ni ya kiwanda. Mizabibu ikienda, wanatoka. Mama Mkasi aliwahi kumshauri wahamie milimani wakabahatishe kibarua.

"Mimi si mzabibu, mke wangu, unikate hapa, unichomeke kule, nichipue," mzee anasema.

"Wewe hata hapa hukuchipua, baba," mkewe anamjibu.

Wanacheka wote wawili. Kicheko kinakatika, na mzee anageukia beseni lake.

Mchana, shambani, Mama Mkasi anatoa pingili moja na kumwonyesha mwandishi wa makala haya ncha zake. Chini mkato ni mnyoofu, juu ni wa mshazari. Ndivyo mpandaji anavyojua upande wa kuzika ardhini. Ikipandwa kichwa chini, haishiki.

"Nikikata kinyume, nani atajua?" anauliza kwa sauti ya chini. "Watapanda mlima mzima miguu juu. Msimu wao unaenda na maji, labda wanaghairi, wanatuachia hii mizabibu yetu. Nimeliwaza sana hilo. Nisikudanganye."

Na je, amekata ngapi kinyume?

"Nilijaribu moja. Nikaitazama, nikaitupa."

Anapoulizwa anatumaini nini, anamtazama mwandishi kwa jicho la pembeni. "La gazetini au la moyoni?"

La moyoni.

Anapangusa pingili ile kwa upindo wa kanga, taratibu, anailaza pamoja na wenzake, zote zimeelekea upande mmoja.

"Naomba zisichipue hata moja," anasema. "Ila hiyo Mungu afanye mwenyewe. Mimi imenishinda."