Mwaloni wa Kitisuru

Hasira hii nimekaa nayo tangu miaka ya sitini, na hao wanaoniambia niisahau hawakuwepo.

Nilikuwa nafanya kazi ya nyumba kwa memsahib mmoja mzee wa Kizungu huko Kitisuru. Kando ya kamba ya kuanikia nguo palikuwa na mti mfupi, wanifika kifuani tu, majani yake magumu yenye miiba pembeni, yanararua mashuka usipoangalia. Nikamuuliza kwa nini tusiung'oe. Memsahib akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, kwamba huo ni mwaloni wa kwenye Maandiko. Mbegu alizileta marehemu mumewe wakati wa vita, kutoka vilima vikavu vya Nchi Takatifu, na hata huko kwao ni mti wa kimo hicho hicho.

Mwaloni! Tulikuwa tunausoma kila mwaka, katika kisa cha wageni wa mbinguni waliopumzishwa chini yake, na hakuna aliyewahi kuuona. Jumapili nikabeba kijitawi na tunda lake, lile linalokaa ndani ya kikombe kidogo, nikawaonyesha watoto. Nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili katika kanisa letu la mabati pale Kangemi, na ndiyo kazi pekee iliyokuwa yangu kweli. Jumatatu mpaka Jumamosi nilikuwa nafua nguo za mtu mwingine.

Mzee wa kanisa akasikia. Akasimama mbele ya watu wote, akainua kijitawi changu kwa vidole viwili utadhani ameshika panya, akauliza tangu lini wageni wa mbinguni wakapumzishwa chini ya kichaka cha kuku. Mwaloni, ati, ni mti mkubwa kama mvule wa kwetu. Watu wakacheka. Nikasema nimeambiwa na mwenye mti. Akasema nabishana na wazee, na darasa akaninyang'anya palepale. Nilirudi Kitisuru nikilia, na si kwa huzuni.

Memsahib aliponiona macho mekundu akauliza, nikamweleza. Akasema mzee aitwe. Mzee akaja na koti lake la Jumapili. Memsahib akaunyooshea mti kidole.

"Hii mwaloni."

Maneno mawili tu. Mzee akavua kofia. Kweli nakwambia, akavua kofia mbele ya kichaka cha kuku, akasema ndiyo memsahib, ndiyo kabisa, akaomba apewe kijitawi.

Jumapili iliyofuata akahubiri jinsi alivyouona mwaloni kwa macho yake mwenyewe. Akina mama wakapanga foleni kushika jani. Langu walikuwa wamelitupa nje na takataka.

Baada ya ibada akaniita pembeni.

"Mama, darasa lako lipo," akasema. "Lakini kwanza uombe msamaha kwa kubishana na mimi."

Nikamuuliza nilichokosea ni nini. Akasema hilo si la kuuliza.

Sikuomba. Watoto wangu wakapewa mwalimu mwingine, na Jumapili nikaanza kufua nguo zangu.