Dirisha la Chumba cha Mama Nyota

Iko asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, tangu mwaka wa uhuru. Jana, tukiwa kazini, uliniuliza kwa nini nalibomoa dirisha zima, natoa vioo vyote viwili na kuvilaza chini, kwa sababu ya ukungu kidogo tu ulioingia katikati. Ulisema mtu angeweka rido, yaani pazia, pale na hakuna mgeni angeona. Sikukukasirikia. Jibu lake ni refu na lina kaburi ndani yake, ndiyo maana nimekuita leo ukae nikueleze.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifanya kazi kwa fundi Anzuruni, seremala wa Kalundu, penye bandari ya ziwa, ambaye milango na madirisha yake vilijulikana kutoka bandarini hadi Makobola. Alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kunipiga hata siku moja, ingawa mafundi wengine wa wakati ule walipiga. Asubuhi ile alinichukua tukaenda kwa Mama Nyota, mkunga. Mama huyo alikuwa na chumba kimoja nyumbani kwake alichokitunza kuliko vingine vyote, kwa sababu ndani yake aliwalaza watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mama zao walitoka pande za ziwa, wengine walitoka mbali kwenye bonde la Ruzizi, hata Lubarika, wakiwa na kitoto kimefungwa kifuani na pamba ya shamba lao kwenye kikapu. Mama Nyota aliwafunika watoto hao kwa ile pamba, akawapangia chupa za maji ya moto pembeni, na wengi waliishi.

Nyumba ile aliachiwa na mzungu mmoja, fundi wa mashine za bandari. Mke wa mzungu alikuwa na ugonjwa wa kifua, basi bwana wake alimtengenezea dirisha la vioo viwili: kimoja nje, kimoja ndani, na katikati nafasi ya upana wa kidole, ili upepo unaoshuka mlimani wakati wa mvua usimfikie. Mama Nyota alimzalisha yule mke salama. Walipohama kurudi kwao, walimwachia nyumba.

"Fundi, angalia," alisema asubuhi ile. "Kioo iko inalia. Ninapanguza ndani, ninapanguza inje, machozi iko palepale."

Fundi Anzuruni alitazama. Mimi pia nilitazama, na kweli matone ya maji yalikuwa yamekaa katikati ya vioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Akatoa msumari mfukoni, akausukuma taratibu kwenye ubao wa chini wa fremu. Ukazama kama unavyozama kwenye muhogo uliochemshwa.

"Maji imeingia kwa juu," aliniambia. "Mastike imepasuka." Mastike ni ule udongo laini wenye mafuta tunaoshikiliza nao kioo. "Maji ikashuka, ikakosa pa kutokea, ikaozesha ubao. Weye utatoa kioo ya ndani. Ukaushe. Ubadilishe ule ubao wa chini, utoboe vitundu vya kutolea maji, ndio urudishe kioo na mastike mupya. Kazi ya siku ine. Usipake kitu juu ya ubao imeoza. Umesikia?"

"Nimesikia, fundi."

Yeye akaondoka kwenda Lubarika, ambako alikuwa na milango ya kanisa ya kumalizia, akaniacha peke yangu na vyombo vyake.

Ilikuwa wiki ya uhuru, mwanangu. Sijui nikueleze vipi. Malori yalipita yamejaa vijana na matawi ya miti, ngoma zilipigwa tangu asubuhi, na watu ambao hawakuwahi kusalimiana walikumbatiana barabarani. Na kulikuwa na msichana, Faida, binti wa mvuvi wa Makobola, aliyeniambia kwamba siku ya pili atacheza mjini pamoja na wenzake, na kama nataka kumwona nije. Siku ine, siku nne nzima! Niliona uhuru wote utapita mimi nikikwangua ubao.

Basi asubuhi ya siku hiyo nilifanya kazi ya saa tatu tu. Nilipaka mastike mpya juu ya ile ya zamani, nikajaza mashimo ya ubao kwa mastike hiyohiyo, nikalainisha kwa kidole, nikapaka rangi nyeupe tabaka mbili. Jua la siku zile lilikuwa kali, ukungu ukakauka wenyewe. Dirisha likang'aa kama la askofu. Mama Nyota akanishukuru, akanipa samaki wawili wakubwa. Nilinawa mikono, nikakimbia mjini, nikacheza na Faida hadi viatu vyangu vikapasuka.

Fundi Anzuruni aliporudi, alipita pale, akaona dirisha. Akaniuliza, "Ubao ulibadilisha?"

Nikasema, "Ndiyo, fundi."

Akanishika bega. "Sasa umekuwa fundi," alisema. Tangu siku ile alianza kunituma peke yangu kwa watu. Nilijisikia vibaya jioni moja, labda mbili. Kisha nikasahau, au nilifikiri nimesahau.

Nilimwoa Faida. Tulikaa Kalundu, chumba kimoja na jiko la nje, tukawa na raha yetu. Msimu wa mvua uliofuata Mama Nyota alikutana nami penye kushushia samaki, akaniambia, "Fundi, machozi imerudia." Nikamwambia nitakuja. Mwaka uliofuata aliniambia tena. Nikasema nitakuja, na sikwenda, kwa sababu kulifungua dirisha lile ilikuwa kuonyesha nilichokifanya.

Halafu vita vya waasi vikafika kwetu. Fundi Anzuruni alivuka kwenda Burundi na watoto wake, na hakurudi, alifia huko. Sisi tulibaki, kwa sababu Faida alikuwa na mimba ya miezi saba na alichoka haraka. Asubuhi moja milio ya bunduki ilianzia upande wa bandari. Watu wote walikimbilia mlimani. Nilimshika Faida mkono, tukakimbia. Kwenye kijito aliteleza, akaanguka juu ya mawe kwa tumbo. Kabla ya saa sita mchana uchungu ulikuwa umemshika.

Mama Nyota hakuwa amekimbia. Alikuwa na mtoto mmoja chumbani, wa mama aliyetoka bondeni, na alisema hawezi kumbeba mtoto kama yule kwenye upepo wa mlima. Nilimfikisha Faida pale mgongoni mwangu. Binti yetu akazaliwa. Nilimpima kwa macho tu: alikuwa mfupi kuliko mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidole. Lakini alilia. Tulimwita Riziki.

"Tutajaribu," alisema Mama Nyota. "Chumba iko na joto. Ile joto ndiyo dawa."

Siku mbili za kwanza Riziki alijikaza. Alinyonya maziwa ya mama yake tone kwa tone kutoka kwenye kijiko. Siku ya tatu, alasiri, mawingu yalishuka mlimani na upepo ukaja mbele ya mvua. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba nikiwa na chupa ya maji ya moto. Niliona dirisha likitikisika. Niliona ubao wa chini ukiachia, polepole, kama mtu anayekaa chini, na vioo vyote viwili vikateleza na kuvunjika sakafuni. Mvua ikaingia moja kwa moja juu ya vitanda.

Tuliziba kwa godoro, kwa meza, kwa koti langu. Pamba ilikuwa imelowa. Kuni zilikuwa zimelowa. Mama wa bondeni alimweka mwanawe kifuani, Faida akamweka wetu, tukawafunika kwa kila nguo iliyokuwa kavu. Nilipoinama kuokota vioo, nikaona kile kipande cha ubao. Ndani kilikuwa kimekuwa unga mweusi. Kilichobaki kizima ni ngozi ya rangi nyeupe niliyoipaka mimi.

Mtoto wa bondeni alipona. Riziki alifariki kesho yake, saa saba mchana, juu ya kifua cha mama yake. Mama Nyota alisema, "Wenu alikuwa mudogo zaidi. Labda hata na dirisha muzima angeenda. Mungu peke yake anajua." Mwanangu, nimeishi na hilo neno "labda" miaka yote hii. Siku nyingine linanituliza, siku nyingine linanitesa.

Tulimzika, tukaenda Makobola kwa mama mkwe. Na sasa nakuambia jambo ambalo ni baya kuliko lile la ubao. Faida alianza kujilaumu. Alikuwa akianika ndagala, wale dagaa wa ziwa, juani, mara anasimama, anasema, "Ni minye. Nilikimbia vibaya. Kama singeanguka pale kwenye maji, mutoto angekuwa hapa." Alisema hivyo karibu kila siku. Mama yake alimtuliza, majirani walimtuliza. Mimi nilimshika mkono na kumwambia, "Usijilaumu, si kosa lako." Nilisema hivyo tu. Nilijua kulikuwa na kosa lingine na mwenye kosa hilo nilikuwa mimi, lakini niliacha mke wangu aubebe mzigo peke yake wiki sita, huku nikimfariji kama mume mwema.

Alikonda. Siku moja mama mkwe aliniita pembeni, akaniambia binti yake hali chakula tena, na kama mambo ni haya tutamzika yeye pia. Nilirudi penye ndagala, nikakaa chini mbele ya Faida, nikamweleza yote: msumari wa fundi, mastike, rangi, uongo, na Mama Nyota alivyoniita mara mbili.

Hakulia. Aliniuliza, "Ile siku ulikuja mujini, ndio ulitoka pale?"

"Ndiyo."

"Kumbe tulicheza," alisema. Akatazama mikono yake iliyojaa magamba ya samaki. "Mama Nyota anajua?"

"Hapana."

"Enda umuambie. Nikikutazama leo nitasema neno ambalo siwezi kurudisha. Enda."

Nilitembea hadi Kalundu, nikisimamishwa na watu wenye silaha mara tatu njiani. Nilimkuta Mama Nyota akifagia ua. Nilimweleza yote, hata Faida alivyojilaumu, nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae. Alimaliza kufagia kwanza.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Niliona pentire, ile rangi yako, juu ya ubao imeoza. Minye nilingoja weye mwenyewe ukuje useme."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe juu ya dirisha. Mimi pia nilipaswa kuita fundi mwingine, nikakungoja." Alinitazama usoni. "Lakini bibi yako? Ulimuacha wiki sita anajilaumu, na weye unajua? Hiyo, mutoto wangu, utamuomba yeye. Hiyo siwezi kukusamehea minye."

Hakupaza sauti. Ningependa angenipiga kwa ule ufagio.

Nilikaa kwake siku saba. Hakukuwa na kioo cha kununua mahali popote, basi alinipa vioo vya sebule yake, akakubali sebule ikae gizani, madirisha yamezibwa kwa mbao. Nilifanya kazi kama fundi Anzuruni alivyoniambia mara ya kwanza. Nilikwangua mastike yote ya zamani mpaka ubao ukaonekana. Nilichonga ubao mpya wa chini, nikauinamisha kidogo kuelekea nje, nikatoboa vitundu vitatu. Nilikausha vioo juani kabla ya kuvirudisha, kwa sababu ukifungia unyevu ndani, umefungia uharibifu. Hakuna aliyenisimamia. Msimu mzima wa mvua uliofuata nilikwenda kuangalia kila baada ya mvua, na kioo hakikulia.

Faida alirudi kwangu, chumbani kwetu Kalundu, baada ya miezi mitano. Alikuja na kikapu kichwani, akakiweka chini, akawasha moto, akapika. Tuliishi pamoja miaka arobaini na kidogo, tukazaa watoto wanne, na katika ugomvi wetu wote hakuwahi kunitupia neno la Riziki. Hata hivyo hatukucheza ngoma tena pamoja. Kwenye harusi za watoto wetu alisimama pembeni, akapiga makofi. Nilimwelewa. Sasa naye amekwenda, na hakuna aliyebaki wa kukumbuka nami uso wa yule mtoto.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Ukiona maji katikati ya vioo, usitafute rido. Fungua, sukuma msumari kwenye ubao, ujue uozo umefika wapi, na uondoe wote hata kama kazi ya saa tatu itakuwa ya siku nne. Mtu analala nyuma ya dirisha hilo, na wewe humjui bado. Fundi wako akikuuliza, mjibu ulivyofanya, si ulivyopaswa kufanya. Na ukikosea, maana utakosea, usimwache mtu mwingine ajilaumu kwa kosa lako hata siku moja. Kumshika mkono hakutoshi. Mwambie.

Mungu aibariki mikono yako na nyumba zote itakazozigusa. Akupe mwenzi atakayekusikiliza mpaka mwisho. Na siku utakapokuwa na neno zito la kusema, akupe nguvu ya kulisema mapema, wakati yule wa kuambiwa bado yupo.