Dawa ya Ng'ombe Si ya Mtu

Ile Ijumaa naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Ni harufu ya dawa ya kupe, ile tunayowapulizia ng'ombe, na mpaka leo ikinipata mimi hukaa chini.

Kwetu Riruta, kabla nyumba za kupangisha hazijameza shamba, tulifuga ng'ombe wa maziwa. Kaka yangu Njoroge ndiye aliyewakatia nyasi kandokando ya msitu wa Ngong. Siku hiyo alirudi akijikuna. Kupe walikuwa wamempanda miguuni hadi kule ambako mtu mzima haonyeshi, na kesho yake tulikuwa tupeleke mbuzi wa mahari kwa kina mchumba wake.

Mama alimwambia, "Mwite Kimani akutoe mmoja mmoja. Si mlitahiriwa pamoja? Mnaogopana nini?"

"Kimani, Mami? Kesho atanicheka mbele ya wakwe mpaka nikose bibi!"

"Basi kaa hapa mimi mwenyewe..."

"Mami!"

Alikimbia, nasi tukacheka. Kwetu kijana akishatahiriwa, mama hamwoni tena mwilini. Ni heshima nzuri, siikatai. Lakini wazee walisema mficha uchi hazai, na Njoroge hakuzaa.

Punde nikasikia pampu nyuma ya zizi.

"Njoroge, hiyo ni ya ng'ombe!"

"Nimewabebea chakula chao, wacha nionje bafu lao!"

Hata maji hakuchanganya. Aliipaka vile ilivyotoka kwenye chupa, akavaa nguo juu yake. Haukupita muda akaingia jikoni akitokwa na jasho, mate yakimchuruzika, misuli ya mashavu ikirukaruka. Alipotapika, mama alidhani ni malaria. Alikuwa anatetemeka, kwa hivyo tukamfunga blanketi, tukalikaza vizuri. Nakwambia ukweli ulivyo, mwanangu: tuliifungia sumu ndani kwa mikono yetu, tukiona tunampenda.

Jirani alitupeleka kwa gari lake hadi hospitali kubwa kule karibu na Upper Hill. Muuguzi alifunua blanketi, akarudi nyuma kwa ile harufu.

"Mmemuosha?"

Nikatikisa kichwa.

"Hii kitu bado iko kwa ngozi! Leteni maji! Leteni sabuni!"

Wakamkata nguo kwa makasi. Mama, hata hapo, aligeuza uso ukutani asimwone mwanawe. Nilisikia maji yakimwagika, kisha nikasikia yamekoma. Njoroge alikuwa ameacha kupumua.

Sabuni, mwanangu. Nilisimama pale nikikiona akilini kipande tulichokiacha nyumbani juu ya pipa la maji. Sikulia. Nilishangaa tu, na kusema kweli bado nashangaa. Wale mbuzi wa mahari tuliwachinjia waombolezaji.

Sasa juzi umerudi kutoka matembezi ya msituni na vijana wa kanisa, nikakusikia ukimuuliza mwenzako kama dawa ya mbwa inafaa mtu. Haifai. Ya mbwa wala ya ng'ombe, usijipake. Ikikumwagikia, vua nguo hapo hapo, jioshe kwa sabuni na maji mengi, kisha ukimbilie hospitali na jina la dawa.

Na kupe mwenyewe hana haja ya vita. Ukienda nyasini, ingiza suruali ndani ya soksi. Ukirudi, jikague nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, na pale usipofika mwite mwenzako bila haya. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi kwa kile kibanio cha nyusi, umvute polepole, wima, bila kumpinda, kisha uoshe mahali hapo. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa. Hayo ni mambo tuliyoyafanya sisi kwa kutojua. Siku zinazofuata ukipata homa, kichwa kikikugonga, au alama ikiwa na kigaga cheusi, nenda kwa daktari na umwambie wazi kwamba uliumwa na kupe, na uliumwa wapi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Watakaokucheka, waache wacheke. Kicheko cha rafiki huisha jioni ile ile.

Mungu akulinde uendako na urudiko, mwanangu. Akupe watu wa kukutazama mgongo, nawe akupe moyo wa kuwaita. Mbuzi wa harusi yako na waliwe harusini.