Nyayo Zilizolainishwa na Mvua

Mdogo wangu alikatwa vidole viwili vya mguu wa kulia. Aliyemvua viatu ni mimi.

Tulianza kukimbia peku huku Gurei, mtaa wetu wa nyumbani, mvua za kwanza ziliponyesha. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Kenya, yeye Uganda, na baada ya miaka mingi ya kuishi mbali tulitafuta jambo la kufanya pamoja. Daktari alikuwa amemwambia ana sukari, afanye mazoezi. Nikasema viatu vinadhoofisha mguu. Nilikimbia hivyo nilipokuwa sekondari, na huo ndio ujuzi wote niliokuwa nao.

Wakati wa mvua njia ilikuwa rahisi. Tulifupisha hatua ili tusiteleze, tukajifunza kukwepa madimbwi, maana chini hujificha vipande vya chupa. Kufikia Oktoba tulikuwa tunakwenda mpaka karibu na mlima ulio nje ya mtaa na kurudi bila kusimama. Nikamwambia nyayo zetu zimekomaa.

Hazikuwa zimekomaa. Zilikuwa zimelowa miezi sita, laini kama vidole vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Januari ardhi ikawa changarawe kali, na saa tatu asubuhi ilichoma. Ilitupasa kuanza upya, mwendo mfupi, alfajiri. Sikutaka kupunguza chochote. Mimi nilirukaruka, yeye alikanyaga kwa utulivu.

“Kaka, wewe iko na miguu ya hawaja,” alinicheka, yaani miguu ya mzungu.

Nikamuuliza kama hasikii joto.

“Mimi hapana sikia kitu.”

Nilimwonea wivu. Nilikuwepo kliniki alipoambiwa kwamba ugonjwa ule huua hisia za miguu. Hata hivyo kule kutosikia kwake nilikuita ushupavu, nikaongeza mwendo nisije nikashindwa na mdogo wangu.

Malengelenge ya nyayo zake aliyaona mkewe, siku ya tatu ya mwendo huo, alipofuata madoa ya damu sakafuni. Kidonda hakikupona.

Alipotoka hospitali nilikwenda kumwomba radhi. Akasema ni mapenzi ya Mungu. Nikamwambia hapana, ni kosa langu: nilisikia onyo la daktari na nikalipuuza kwa sababu sikutaka kuachwa nyuma. Akanisogezea mguu uliobaki mzima.

“Basi angalia wewe. Macho yangu haioni mpaka huko chini.”

Sasa kila jioni nakwenda kwake, nawasha tochi ya simu, nakagua nyayo zote mbili na katikati ya vidole.